Uzuri Kama Kibanja cha Ukoo

Kwenye mwalo mmoja wa kisiwa cha Goziba, Ziwa Victoria, mama mmoja mnunuzi wa dagaa alisimama kikaoni kumlalamikia tajiri wa mtumbwi. Alikuwa amempa fedha kabla ya giza kuingia ziwani, kama wanavyofanya wote, na alfajiri akapewa ndoo pungufu. Siyo mara moja. Mama alikuja na daftari lake, nami nilikuwa nimekaa karibu nalo: limefungwa kwa mpira wa tairi, kurasa zimekakamaa kwa unyevu, magamba yameng'ang'ania pembeni, na kila mstari una tarehe, idadi ya ndoo na sahihi ya nahodha. Mzee mmoja akamtazama akasema, "Mama, kwa sura hiyo aliyokujalia Mungu, wewe ni wa kukosa dagaa kweli?" Watu wakacheka, mwenyekiti naye akacheka, na kikao kikahamia kwenye habari ya choo cha mwalo. Daftari halikufunguliwa.

Hasira ile haijanitoka, na ndiyo inayoniandikisha haya. Sitachelewa kwenye swali la uzuri ni nini. Wako waliosema ni ulinganifu wa viungo, wako waliosema uko machoni mwa atazamaye, wako waliosema ni kivuli cha wema ulio juu ya dunia hii. Na iwe vyovyote. Swali langu ni la chini zaidi: uzuri ukishakaa juu ya mwanamke, ni wa nani? Kwa sababu pale mwaloni niliona watu wazima wakiushika uzuri wa mama yule kama kitu chao, wakautoa kama ushahidi dhidi yake, na yeye mwenyewe hakuulizwa.

Yupo mwanamke ambaye maisha yake yameliuliza swali hili kwa sauti kubwa kuliko wengi, na hakutoka mbali nasi. Elizabeth wa Toro, Uganda, alizaliwa mwaka 1936, binti wa Omukama, yaani mfalme, Rukidi wa Tatu, wa Wababito, ukoo ambao tawi lake lilitawala hata Kiziba, huku kwetu kwa Wahaya. Alisoma sheria Cambridge, na mwaka 1965 akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kukubaliwa kuwa wakili Uingereza. Mwaka 1967 Rais Obote alifuta falme za Uganda. Binti wa mfalme aliyebaki bila ufalme akaingia kwenye maonyesho ya mavazi London, kisha New York, na mwaka 1969 sura yake ikatokea kwenye jalada la Harper's Bazaar. Baadaye aliolewa na mwanamfalme wa Toro, Wilbur Nyabongo, aliyefariki kwa ajali ya ndege mwaka 1986.

Kabla ya ndoa hiyo ndipo palipo na kisa ninachokitaka. Mwaka 1974 Rais Idi Amin alimteua kuwa Waziri wa Mambo ya Nje, kazi ambayo mtangulizi wake, Michael Ondoga, aliuawa baada ya kuondolewa. Elizabeth alikwenda Umoja wa Mataifa akaisemea nchi yake. Novemba mwaka uleule akafukuzwa, na sababu iliyotangazwa kwa dunia ni kwamba alifanya mapenzi na mzungu asiyejulikana kwenye choo cha uwanja wa ndege wa Orly, Paris. Hakushtakiwa kwa mkataba uliovunjika wala kwa fedha iliyopotea. Wakili, waziri, msemaji wa taifa, wote hao walifutwa kwa sentensi moja, na sentensi hiyo iliaminika kwa urahisi kwa sababu dunia ilikwisha kuiona sura yake kwenye majalada. Mwaka uliofuata alikimbilia Kenya. Magazeti ya Ulaya yaliyochapisha picha ya utupu yakidai ni yake, aliyashtaki mahakamani akashinda. Lakini jaribu kutaja jina lake leo mbele ya watu wa rika lake, uone wangapi watakumbuka hukumu, na wangapi watakumbuka choo.

Hapa ndipo huja lile pingamizi linalonikosesha usingizi. Nimelisikia Goziba, nimelisikia Bukoba mjini, nimelisikia kwa wasomi na kwa wapiga makasia: "Mbona uzuri huohuo aliufaidi? Uliyekula nazi usilalamikie kifuu." Yaani mama wa dagaa huenda alishawahi kuuziwa ndoo mapema kuliko wenzake kwa sababu ya tabasamu, kwa hiyo akipunjwa anyamaze. Elizabeth alipata majalada kwa sura, kwa hiyo akichafuliwa kwa sura ngoma droo.

Nilitazame pingamizi hili taratibu, maana wanaolisema hulisema kama neno la mwisho. Kwanza, linachukua faida inayodhaniwa na kuilipiza kwa hasara iliyothibitika. Nani aliandika tarehe ya hilo tabasamu? Hasara ya mama imeandikwa, ina sahihi ya nahodha. Tukikubali dhana ishinde daftari, basi hakuna mwanamke mzuri atakayewahi kushinda shauri lolote, kwa kuwa faida ya kudhania haina kikomo. Atadaiwa leo, atadaiwa kesho, na risiti hatapewa.

Pili, hatumfanyii mtu mwingine yeyote hivi. Mpiga kasia mwenye mabega mapana hakuyatengeneza mabega yale, alizaliwa nayo, na huajiriwa mbele ya mwenzake mwembamba. Akidhulumiwa ujira, hakuna mzee wa kusimama kumwambia, "Wewe na mabega hayo!" Mwenye sauti nzuri huimbisha kwaya, mwenye akili nyepesi hupita mitihani, na kijana wa Kihaya huamka asubuhi moja ana kibanja chenye migomba na kahawa alivyopanda babu. Haya yote ni ya kupewa. Jasho tunaloambiwa ndilo msingi wa haki halimo. Lakini ni uzuri wa mwanamke peke yake unaogeuka kuwa mkopo.

Tatu, na hili ndilo linaloniudhi zaidi, wanaolitoa pingamizi ndio hao waliogawa hizo faida. Aliyempa ndoo ya kwanza kwa ajili ya sura, kama kweli alimpa, ni tajiri. Yeye ndiye aliyeamua kwamba sura ni sarafu. Kisha anamgeukia mama na kumwambia ameshalipwa. Katika biashara gani ya halali mnunuzi hupanga bidhaa, hupanga bei, halafu humhukumu mwenye bidhaa kwa kuwa nayo?

Wako wenye hoja za haki zaidi. Kweli, wanawake wasiosifiwa sura hupitwa, na wao wana madai dhidi ya mwalo mzima. Kweli pia, Elizabeth alikuwa binti wa ikulu, akatumikia serikali iliyokuwa inaua watu. Lakini hayo ni mashauri mengine, na hakuna hata moja linalofuta hesabu ya mama.

Nimetaja kibanja hapo juu, na nikishafika kwenye kibanja huwa siondoki haraka. Mwaka 1988, huku kwetu Muleba, Holaria Pastory aliuza shamba la ukoo alilorithi kwa baba yake kwa wosia. Akamuuzia mtu wa nje ya ukoo. Jamaa wa ukoo wake, Bernardo Ephraim, akaenda Mahakama ya Mwanzo Kashasha kudai kwamba kwa mila ya Kihaya mwanamke hana mamlaka ya kuuza. Na kanuni za mila zilizoandikwa na serikali mwaka 1963 zilimuunga mkono: mwanamke aweza kuitumia ardhi ya ukoo maisha yake yote, aipalilie, ale matunda yake, lakini kuiuza hapana. Shauri lilipanda hadi Mahakama Kuu Mwanza, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya akaamua kwamba ubaguzi huo hauwezi kusimama mbele ya Katiba. Mwanaume aliruhusiwa kuuza, basi na mwanamke aruhusiwe. Nimeisoma hukumu hiyo zaidi ya nilivyosoma kitabu chochote cha falsafa, na sijui kitabu cha falsafa kinachouliza vizuri zaidi maana ya kuwa na kitu.

Maana ndivyo uzuri ulivyoshikwa miaka yote. Mwanamke anaupalilia, anaamka mapema kwa ajili yake, anagharamika, lakini mwenye neno la mwisho juu yake ni ukoo, mume, mtawala, mwalo. Na siyo kwetu tu. Maria Gunning, aliyelelewa Ireland katika nyumba isiyo na fedha, alipelekwa London na mwaka 1752 akaolewa na Earl wa Coventry kwa sura yake. Watu walimsonga bustanini hadi mfalme akampa askari wa kumlinda. Alijipaka usoni rangi nyeupe ya risasi, sumu ikamla, akafa mwaka 1760 akiwa bado kijana. Wakasema ameuawa na majivuno yake. Umati uliomsonga haukutajwa kwenye sababu za kifo.

Sasa, Holaria alishinda. Nikiufuata mfano wangu hadi mwisho, inabidi niseme uzuri ni wa mwanamke kamili, na mwenye mali kamili aweza kuiuza. Hapo nakwama. Visiwani tunajua bei hiyo inavyopangwa: mara nyingine samaki hapewi mchuuzi mpaka alale na mvuvi, na tunajua magonjwa yaliyofuata. Nikisema asiuze, nimerudi Kashasha nikakaa upande wa Bernardo. Nikisema auze, tajiri wa mtumbwi atanipigia makofi. Nimejaribu kusema kwamba uzuri si mali hata kidogo, ni mtu mwenyewe, na mtu hauzwi. Lakini Elizabeth aliuza picha za sura yake kwa majarida ya New York, akiwa na akili timamu na shahada ya sheria, wakati ambapo nchi yake ilikuwa imefuta ufalme wa kwao, na mimi sina ujasiri wa kumwambia alikosea.

Ninachokijua ni kidogo kuliko hicho. Mama yule hakuja kikaoni kuuza chochote. Alikuja kudai ndoo zake za dagaa, na hesabu yake ilikuwa sahihi.