Mdundo Hauna Risiti

Fomu za matamasha ya filamu huuliza kama muziki uliomo ni wako au una kibali cha mwenyewe. Kwa mwanafunzi asiye na hela, njia nyepesi ni kutunga upya. Ndiyo maana jamaa mmoja anayesomea filamu aliniomba nimpangie muziki wa filamu yake fupi. Chuo niliacha mwaka wa pili na noti za muziki sizijui, ila skripti naweza kuisoma nikasema wapi paingie sauti na wapi paachwe kimya.

Filamu ni ya hapa Makupa. Binti anaolewa Jumamosi, na kakake, dereva wa tuktuk, anahangaika kutafuta hela za harusi. Sehemu kubwa ya mpango ilijiandika yenyewe: honi za raundabauti, malori ya bandarini, adhana. Kwa kaka tulikubaliana tashkota, ala ya vibonye kama vya taipureta iliyozaliwa Japani, ikapita India, ikawa ya taarab ya Mombasa hata ukiisikia tu unajua uko wapi.

Tulikwama kwenye usiku wa wanawake. Jamaa alitaka vugo, zile pembe zinazogongwa kwa vijiti huku nyimbo zikijibizana. Bibi jirani yetu anazijua nyingi. Mpango wake: tumrekodi bibi, tuweke besi chini, kwenye fomu tujaze kuwa ni utunzi wetu. "Si hazina mtunzi? Ni muziki asilia, wa sote."

Kiswahili hapo kinatucheza shere. Asilia ni kile cha tangu jadi. Fomu inauliza kipya. Lakini sikumwona mwizi, maana Mombasa ina historia yake. Ustadh Juma Bhalo, aliyefariki 2014, alijenga jina kwa kuchukua mahadhi ya filamu za Kihindi na kuyavika mashairi ya Kiswahili, mengine ya Ahmad Nassir. Nani atasema nyimbo zile si zetu? Watu wamezililia. Kama Bhalo aliruhusiwa kuchukua Bombay, kwa nini mwanafunzi asichukue Makupa?

Nililitafuna swali hilo siku kadhaa. Sheria haikunifikisha mbali. Ile ya Hakimiliki ya 2001 inamtafuta mtunzi, na hapa mtunzi hayuko. Ile ya 2016, ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni, angalau inaitambua jamii kuwa ndiyo mwenye mali, na inataka idhini yake. Sawa, jamii ipi? Makupa hii ya Waswahili, Wamijikenda, Wakamba na wengine, nimwendee nani na karatasi? Na hata wazee wote wa Thenashara Taifa wangeweka sahihi, wengi wao ni wanaume. Chumba kile hawajawahi kukiingia.

Mimi nimekiingia, na kwangu tofauti na Bhalo iko hapo. Mahadhi ya Kihindi yaliuzwa kwa tiketi. Aliyeyatoa aliyatoa ili yasikike na kila mtu, akalipwa. Nyimbo za bibi huimbwa mlango ukiwa umefungwa. Mna matusi ya kuchekesha mle, mna mafunzo ya bwana harusi na mashuka, na mna mama mtu mzima anayekatika kiuno kwa sababu anajua mwanawe wa kiume hamwoni. Ukosefu wa jina la mtunzi haumaanishi ukosefu wa mlango. Anayesema "ni wa sote" mara nyingi ni yule ambaye hakualikwa.

Nilimwendea bibi, nikamweleza kila kitu, hata besi. Alicheka sana. Kisha akasema, "Wimbo nimekupa weye, mwanangu. Hao wa kwenye skrini sijawapa." Nikamuuliza kuhusu pembe tupu, bila maneno. Hizo, akasema, hata wauza kahawa wa nje huzisikia.

Basi mpango niliouandika uko hivi. Usiku ule kamera inabaki na kaka kichochoroni, ameegemea tuktuk. Pembe zinasikika kupitia ukutani, vifijo pia, maneno hayashikiki. Tashkota inanyamaza. Mwishoni mwa filamu jina la bibi linatangulia langu, kwa pembe, na malipo yake yanatoka kwenye zile elfu nane za muziki kabla ya mtu mwingine yeyote.

Mwongozaji hajafurahi. Anasema tumempokonya binti onyesho lake kubwa, kwamba mtazamaji atatoka bila kumjua, na kwamba nyimbo hizi zitakufa na akina bibi mlango ukiwa umefungwa vivyo hivyo. Hilo la mwisho sina jibu lake. Nimemwambia kama anataka kuingia chumbani, amtafute mwanamke wa kushika kamera, na huyo aende kwa bibi akaombe mwenyewe. Kurekodi ni wiki ijayo.