Kula Tunda na Kula Mti

Ndugu Waislamu, mzee aliyestaafu kiwandani Thika au Ruiru huambiwa: ikopeshe Serikali kiinua mgongo chako, ule faida, rasilimali isiguswe. Rai hii ina ila mbili. Kwanza, thamani ya shilingi hupungua: mwaka 1993 bei nchini Kenya zilipanda kwa zaidi ya asilimia 40. Tuseme hati yalipa 12 kwa mia, na bei zapanda 7. Alaye 12 zote ameila na 7 ya rasilimali yake pasi na kujua. Pili, ziada juu ya deni ndiyo riba, na uaminifu wa mkopaji haugeuzi hukumu. Nyumba ya kupangisha ni halali, ingawa huweza kukosa mpangaji. Basi na achume kwa halali, ale kwa kiasi, na abakishe.