Tunawaombea wagonjwa wa Gaza, na huyu aliye mlangoni?

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.).

Ndugu zangu Waislamu, katika misikiti yetu ya Newala na Masasi tumekuwa tukinyanyua mikono kuwaombea wagonjwa wa Gaza, na tunafanya haki. Tangu Gaza iwekewe mzingiro mwaka 2007, mgonjwa wa huko aliyehitaji tiba isiyopatikana kwao, kama mionzi ya saratani, alitakiwa apate barua ya rufaa na miadi ya hospitali, kisha asubiri kibali cha Israel ndipo apite kivuko cha Erez. Mama anayemsindikiza mwanawe naye alihitaji kibali chake. Shirika la Afya Duniani lilieleza kuwa mwaka 2017 ni asilimia 54 tu ya maombi yaliyokubaliwa kwa wakati. Wengine walikufa huku wakisubiri. Kisha Mei 7, 2024 jeshi la Israel likauteka upande wa Palestina wa kivuko cha Rafah, na njia ya kutokea Misri nayo ikafungwa.

Hiyo ni dhulma, na kila mwenye imani aichukie. Sisi wa Newala mpaka tunaujua. Ukisimama pale Shimo la Mungu unaliona bonde la Ruvuma, na ng'ambo yake ni Msumbiji. Vita vya ukombozi vilipoanza kule mwaka 1964, ndugu zetu walivuka mto huo wakikimbia mabomu ya Wareno, na wazee wetu wakawapokea. FRELIMO ilikuwa na hospitali yake Mtwara, majeruhi wakitibiwa huko.

Sasa naomba niseme linalonihusu mwenyewe, maana nasaha huanza kwa nafsi.

Mimi ni katibu wa kamati ya msikiti wetu. Msimu mmoja wa korosho, Ijumaa tuliyochangia Gaza, mzee mmoja alinisubiri mlangoni. Mjukuu wake alivunjika mguu kwa kuanguka mkorosho, na barua ya rufaa ya kwenda Mtwara alikuwa nayo mfukoni. Nauli ndiyo hakuwa nayo. Akaniambia, "Ustadhi, nisaidieni, mtoto halali usiku." Nikamjibu, "Mzee wangu, leta barua ya mwenyekiti wa kijiji, kamati itakaa."

Barua akaileta. Kamati haikukaa, kwa sababu mimi katibu nilikuwa Masasi nikishughulikia korosho zangu. Zikapita wiki tatu. Mtoto alipofika hospitali mfupa ulikwisha kuunga vibaya. Leo anachechemea, na kila nikimuona anaingia msikitini nainamisha macho.

Hebu tujiulize: fedha zilikuwemo kwenye sanduku, mgonjwa yupo, rufaa ipo. Nani aliyemzuia? Hapakuwa na askari wala ukuta. Nilikuwa mimi na barua yangu.

Katika Suratul Maun, Allah (S.W.) anawakemea wanaoswali huku wakijionyesha na kuzuia hata msaada mdogo. Na katika Suratul Maidah, aya ya 32, tunafundishwa kuwa aokoaye nafsi moja ni kama aliyeokoa watu wote. Aya hazikutaja kikao.

Sisemi tuache kuichangia Gaza. Tuchange, na dua tuzidishe. Ila kila msikiti uwe na mfuko wa wagonjwa, usimamiwe na watu wawili waaminifu wenye ruhusa ya kutoa nauli siku ile ile, hesabu zisomwe mbele ya jamaa kila mwezi. Asiulizwe mgonjwa dini yake wala chama chake. Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini ipo Mitengo, Mtwara, lakini kwa asiye na nauli ni kama haipo.

Kwetu tumeanza, na yule mzee ni mmoja wa wale wawili. Nilimwomba msamaha, akanisamehe. Namuomba na Allah anisamehe.

Wabillahi tawfiq.