Jumatano: Mwendo wa Hofu

Soma Wagalatia 5:13–15. Paulo anawaonya waumini juu ya hatari gani?

Magharibi mwa Marekani, katika majimbo kama Nevada, Utah na Idaho, yuko mdudu wa jamii ya senene aitwaye nyenje wa Mormoni. Mabawa yake ni mafupi mno, hawezi kupaa. Lakini makundi yake, yanayoweza kufikia mamilioni, hutembea yakila mazao na malisho ya mifugo. Ukiwatazama, utadhani wana umoja. Mwaka 2006 watafiti walieleza kinachowasukuma: njaa ya protini na chumvi. Chakula hicho kimo mwilini mwa mwenzao, hivyo anayesimama huliwa na anayemfuata. Kila mmoja humkimbia aliye nyuma na kumwinda aliye mbele.

Kanisa nalo laweza kuonekana likisonga mbele, sadaka zikiongezeka na makambi yakijaa, huku washiriki wakija kwa kuogopa kusemwa. Huo si umoja wa Roho. Paulo anaonyesha njia nyingine: kutumikiana kwa upendo. Katika zizi la Kristo, aliyechoka aweza kusimama, na wenzake wakamngojea.

Ni nani katika darasa lenu la Shule ya Sabato ameacha kuja? Je, mlimsema, au mlimtembelea? Mtamfanyia nini juma hili?