Rubani Akisema Hatupai, Shusheni Mabegi

Ndugu zangu wa Karatu, ninyi mnaowapakia wageni alfajiri na kuwakimbiza kiwanja cha Manyara, nisikilizeni! Pale juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, zaidi ya futi 4,000 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na jua likishapanda huzidi kuwa nyepesi. Ndege hutaka mbio ndefu ndipo ipae. Usukani ukigoma mahali kama hapo, muda wa kubishana haupo.

Pandeni Ngorongoro mkalitazame kaburi la Michael Grzimek, Mjerumani aliyewatafiti wanyama wa Serengeti kwa ndege, ukingoni mwa kreta. Tarehe 10 Januari 1959 tumbusi aligonga bawa la kulia la ndege yake yenye milia ya pundamilia. Nyaya za usukani zikakwama, na kijana yule wa miaka 24 akafa. Balaa lilimkuta akiwa tayari angani. Wewe ambaye magurudumu yako bado yako chini, nafasi unayo! Mbona unaitupa?

Na mwaka 1935 huko Ohio, Marekani, ndege ya majaribio ya Boeing, Model 299, iliruka kabla ya kufunguliwa komeo linalozuia upepo usitikise usukani wa mkia. Ikainua pua kupita kiasi, ikaanguka, watu wawili wakafa. Komeo tu, jamani! Ndipo marubani wakaanza kusoma orodha ya ukaguzi kabla ya kila safari.

Basi rubani, mwanetu, isome nawe, hata kama unaijua kwa moyo. Zungusha usukani mpaka mwisho wake, kisha utazame nje kwa macho yako: ukipeleka kushoto, kibawa cha kushoto kiinuke, cha kulia kishuke. Kanyaga pedali zote mbili. Ukiwa ndio kwanza umeanza mbio, pua ikavuta upande na pedali isiitike, punguza nguvu ya injini, shika breki, simama! Na kama umeshaiacha ardhi, usigeuke kwa pupa. Panda polepole, kata kona pana, omba njia ndefu ya kutua. Ya kiwanja cha Kilimanjaro inazidi kilomita 3.

Lakini neno zito ni letu sisi tulio chini. Nani humpigia rubani simu kwamba wageni wana ndege ya Ulaya jioni? Nani hununa akiona injini imezimwa? Tumezoea kumsukuma mtu aliyebeba roho za watu, halafu tunaita hiyo huduma kwa mteja. Tuache! Akisimama, msimuulize mara mbili. Shusheni mabegi, wapeni wageni maji, rudisheni gari. Lami ya Mto wa Mbu hadi Makuyuni na Arusha ipo. Usiku wa ziada hotelini ulipwe, na mwenye kampuni asimkate rubani hata shilingi moja.