Bahati ni ya Nani?



Leo nataka tukae na neno moja tu: bahati. Waingereza wana neno lao "fortune", na ukilifungua kwenye kamusi unakuta maana mbili zinaishi nyumba moja, yaani bahati na mali nyingi. Asili yake ni Fortuna, mungu wa kike wa Warumi, yule wa gurudumu: leo uko juu, kesho uko chini. Kiswahili chetu kimejaliwa zaidi. Tuna bahati, nasibu, sudi, ngekewa, heri, riziki, majaliwa, baraka, neema. Mtaani wanasema zali. Upande wa pili kuna mkosi, nuksi, kisirani, gundu. Halafu kuna nyota, ambayo siku hizi watu wanaisafisha, sijui kwa sabuni gani.

Ukipita Nyarugusu au Mgusu kule Geita, au ukija Kahama mpaka Shinyanga, utayasikia karibu yote kwa siku moja, na mara nyingi yanatumika kana kwamba ni neno moja. Jamaa kakutana na mwamba wenye dhahabu: zali hilo. Jirani yake, duara lake liko hatua chache tu, huu mwezi wa nne anatoa kifusi: ana gundu. Hapo linazaliwa swali, na si swali la darasani. Kwa nini yeye atoboe na si mimi? Wote tumeweka matimba, wote tumekopa hela ya chakula, wote tumepiga ishara ya msalaba kabla ya kushuka.

Swali hili ni la zamani sana. Aristotle alitoa mfano wa mtu anayechimba shimo apande mti, akakuta hazina. Katika karne ya 6, Boethius, aliyekuwa kifungoni akisubiri kuuawa, aliuchukua mfano huo akaweka mtu analima shamba, akakuta dhahabu. Utadhani aliwahi kupita Geita! Jibu lake ni hili: dhahabu ile haikutoka hewani. Mmoja aliifukia kwa sababu zake, mwingine akalima kwa sababu zake, na sababu hizo mbili zikakutana pale ambapo hakuna kati yao aliyekusudia zikutane. Kukutana huko ndiko tunakoita bahati. Mtakatifu Tomaso wa Akwino naye anatupa watumishi wawili waliotumwa na bwana mmoja mahali pamoja, kila mmoja bila kujua habari za mwenzake. Wakikutana, kwao ni bahati. Kwa bwana aliyewatuma, siyo.

Naomba usipite haraka hapa. Kwa wazee hawa, bahati siyo kitu. Ni jina tunaloupa mkutano wa mambo. Haikai kwenye damu wala kwenye mfupa, haipimwi kwenye mzani, haihamishwi kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine.

Sasa angalia mpiga ramli analifanyia nini neno hilo. Kwake bahati ni kitu. Kitu lazima kiwe mahali fulani. Kilichopo mahali kinaweza kuchukuliwa. Na cha kuchukuliwa lazima kitoke kwa mtu. Ni hatua nne tu, na aliyekubali ile ya kwanza ameshafika mbali.

Tunajua zilikotufikisha. Katika miaka ya 2000, hasa kuanzia karibu na mwisho wake, Kanda ya Ziwa ilishuhudia ndugu zetu wenye ualbino wakiuawa na kukatwa viungo, kwa sababu kuna watu waliambiwa vitawapa utajiri, kwenye uchimbaji na kwenye uvuvi. Mwaka 2009 Serikali ilifuta leseni za waganga wa jadi, na Septemba mwaka huohuo mahakama iliyoketi Kahama iliwahukumu kifo watu watatu kwa kumuua mtoto mwenye ualbino. Mapema 2015 marufuku ilibidi itolewe tena. Kituo cha Buhangija, pale Shinyanga mjini, kilijaa watoto walioletwa kule ili tu wabaki hai. Mtoto anakua mbali na mama yake kwa sababu kuna mtu mahali anatafuta bahati.

Na mabibi zetu je? Macho yao yanakuwa mekundu kwa moshi wa jikoni wa miaka mingi, halafu wanaitwa wachawi. Ni neno lilelile limegeuzwa. Kama bahati ni kitu, mkosi nao ni kitu, basi lazima awepo aliyeuleta. Ramli chonganishi inakula hapo.

Vijana hunijibu: "Frateri, mimi siui mtu. Naenda tu kusafisha nyota, natoa kuku mwekundu, basi." Sawa, kuku si mtu. Lakini umeshanunua ile hatua ya kwanza, na siku kuku asipoleta kitu, mpiga ramli atakutajia bei nyingine. Katekisimu, namba 2117, haitofautishi uchawi mkubwa na mdogo kwa namna tunayopenda sisi: kutaka kuzitawala nguvu zilizofichika ni kosa zito, hata kama unatafuta afya. Simoni wa Samaria, katika Matendo ya Mitume, hakutaka kumdhuru mtu. Alitaka kununua tu.

Sisi wa kanisani tusijitoe haraka. Nimesikia shuhuda za "nilitoa sadaka kubwa, wiki ileile nikatoboa". Hiyo, kwa maoni yangu, ni ndagu iliyovalishwa rozari. Sipingi padri kubariki duara. Kanisa hubariki mashamba na vyombo vya kazi. Ninachokataa ni kuifanya baraka kuwa dhamana ya gramu.

Kumbuka Nyangalata, mwaka 2015. Wachimbaji waliofukiwa walikaa chini siku 41, na watano wakatolewa hai. Tulisema muujiza, na mimi namshukuru Mungu kwa ajili yao. Lakini wa sita alifia kulekule chini. Nani atathubutu kusema yeye alikosa baraka? Yesu aliulizwa jambo la namna hii, akataja wale 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, na alikataa katakata kwamba walikuwa wakosefu kuliko wengine.

Tena kuna neno ajali. Katika Kiarabu lilikotoka ni muda uliopangwa wa mtu kufa, na harufu hiyo bado ipo tunaposema "ilikuwa siku yake". Lakini duara likiporomoka kwa sababu mwenye duara alibana hela ya matimba, hapo Boethius hana kazi. Sababu ipo na inajulikana, na "bahati mbaya" inakuwa blanketi la kumfunika mtu.

Kwa hiyo nikiambiwa "Frateri, niombee bahati", huwa nauliza ni ipi. Wengi wanacheka. Wengine wanataja gari. Ila kuna wanaosema wanataka jioni watoke wazima, na hela ya ada ipatikane. Hiyo tunaiita riziki, na ipo ndani ya Baba Yetu. Tunaisali palepale, halafu nawauliza matimba yalikaguliwa lini.