Je, Kinyaa ni Hoja?

Katika mkahawa mmoja wa Gisenyi, karibu na Ziwa Kivu, rafiki yangu aliagiza mochi: kitindamlo cha Kijapani cha unga wa mchele unaonata, ndani yake maharagwe mekundu yaliyopondwa na kutiwa sukari. Nilionja, nikatema. "Maharagwe hayatiwi sukari," nikasema. "Huku ni kuharibu chakula." Mhudumu aliyeiandaa alisikia, akanyamaza.

Wapo watakaonitetea kwamba ulimi hausemi uongo, wala hakuna anayelazimishwa kupenda. Ni kweli. Lakini mimi sikusema "sipendi", nilisema "haifai". Kauli ya kwanza inanieleza mimi, ya pili inamhukumu mwenzangu.

Na nilihukumu kwa sheria gani? Maharagwe ninayoyaita yetu asili yake ni bara la Amerika. Sambaza, fahari ya Gisenyi, waliletwa Kivu kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Zanzibar hupika tambi kwa nazi na sukari, na hakuna anayeshangaa. Nilichokiita sheria kilikuwa mazoea tu.

Anayezoea kukidharau chakula hachelewi kumdharau mlaji. Katika mji wetu wa mpakani, ambako Goma ni mwendo wa miguu, jambo hilo si dogo.

Kwa hiyo kinyaa si hoja. Ni habari tu kuhusu ulimi wangu. Kesho yake nilirudi kumwomba mhudumu radhi. Mochi bado siipendi.